UZI: Kalamu, hatimkato, taipureta, kompyuta na simu. Mliotumia vyote njooni tulinganishe

#1 (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, walionizidi umri shikamooni.

Mi ni katibu muhtasi mstaafu. Nilisoma uhazili pale Tabora enzi hizo mtihani wa taipu unapigwa kwenye mashine ya chuma na hatimkato ni somo la lazima, nikafanya kazi ofisi za serikali mpaka kompyuta zikanikuta mezani, na sasa hivi nina steshenari jirani na mahakama, kila siku napokea makaratasi ya watu yaliyoandikwa kwa mkono, mengine yanakuja kwenye simu, nayachapa. Yani nimeshika karibu kila kifaa cha kuandikia ambacho mtu wa rika langu angeweza kushika.

Nimeleta uzi huu kwa sababu vijana wanaokuja kufanya fildi kwangu wanachukulia peni ni kitu cha chumba cha mtihani tu, ukishatoka shule basi. Na wazee wenzangu nao wapo wanaosema kompyuta imeharibu kila kitu. Wote siwaungi mkono. Kompyuta imeshinda kwenye kurekebisha, kunakili na kutuma, hapo sibishani na mtu. Ila kwenye kupanga wazo kabla halijatoka, na kwenye kutunza maandishi yaje yasomwe na wajukuu, mkono na karatasi bado viko mbele, na nitaeleza kwa nilichokiona kazini.

Tuanze na kalamu yenyewe. Wengi mmezaliwa mmeikuta bik mkadhani ipo siku zote, kumbe ni ya juzi. Wazee wetu waliosoma waliandika kwa kalamu ya kuchovya, yale madawati ya zamani yenye tundu juu, lile tundu lilikuwa la kidau cha wino. Kalamu ya kigololi aliihangaikia mwandishi wa habari wa Hungary, László Bíró, aliona wino wa kuchapia magazeti unakauka upesi na hauchafui, akataka kuutia kwenye kalamu, lakini ule wino ni mzito haushuki kwenye nibu, ndo yeye na ndugu yake György wakaja na kigololi kidogo mdomoni mwa kalamu kinachozunguka na kubeba wino. Hataza yake, yani hati ya haki ya uvumbuzi, ni ya 1938. Zilipoanza kuuzwa New York mwaka 1945 moja ilikuwa dola 12 na senti 50, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Aliyezishusha zikawa za kila mtu ni Marcel Bich wa Ufaransa na BIC Cristal yake ya 1950, ambayo ndo hiyohiyo mnayoijua. Shika moja uiangalie vizuri, ubavuni ina kitundu kidogo sana, kile kinaingiza hewa ili wino ushuke, na kifuniko kina tundu kwenye ncha, hilo liliongezwa baadae ili mtu akikimeza kikamkwama kooni hewa iendelee kupita.

Sasa hatimkato. Kwa wasioijua, ni mwandiko wa mkato aliobuni Isaac Pitman wa Uingereza mwaka 1837, huandiki herufi, unaandika sauti kwa vistari. Mstari mwembamba ni P, mstari uleule ukiukandamiza ukawa mnene ni B. T mwembamba, D mnene. Ndo maana bik haikutufaa, haitoi mnene na mwembamba, tulitumia penseli laini au nibu inayopanuka. Bosi anaongea na we unamfuata, maneno 100 kwa dakika na wengine zaidi, alafu unarudi mezani kwako unayafasiri na kuyachapa. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba usipoelewa kinachozungumzwa, baadae vile vistari huvisomi, vinabaki mikunjo tu. Kwaiyo katibu alikuwa anasikiliza kwa akili yote. Leo kikao cha muda wa saa tatu kinarekodiwa kwenye simu, kila mtu anajiamini kwamba "ipo kwenye rekodi", na wiki mbili zinapita muhtasari haujatoka kwa sababu hakuna mwenye saa tatu nyingine za kukisikiliza upya.

Taipureta nakuja nayo chini, wacha nisikie wengine kwanza.

#2

Shikamoo mama. Uzi mtamu ila naomba kupinga kidogo. Mi niko chuo mwaka wa pili, notsi zangu zote ziko kwenye laptopu na simu na sijafeli somo. Mhadhiri anaongea haraka, ukishika peni anakuacha. Alafu nikitaka neno nalitafuta linakuja palepale wakati mwenzangu mwenye kaunta buku anafunua kurasa mpaka mtihani unafika. Hilo la mkono kupanga wazo naona ni mazoea ya waliokua nalo, sisi tuliokua na kibodi wazo linajipanga huku.

#3

Asalaam aleikum. Bibie umeruka kalamu ya mwanzi, na huku pwani ndiyo iliyoanza. Mwanzi huchongwa kwa kisu kikali, ncha ikakatwa mshazari kisha ikapasuliwa kidogo katikati ili ishike wino, na ule mshazari ndio utoao unene na wembamba wa herufi, mkono ukigeuka kidogo tu mstari wabadilika. Siyu, kisiwani Pate, misahafu ilikuwa ikiandikwa kwa mkono hivi, wino mweusi na mwekundu, na nakshi pembeni zilizofanya Siyu ijulikane. Na Mwana Kupona binti Mshamu, pale Pate katikati ya karne ya 19, alipotaka kumwachia bintiye wasia alimwita akae karibu na wino na karatasi. Mambo ya mwanamke wa Kiswahili kushika kalamu si ya leo.

Chuoni, yaani madrasa, tukitumia ubao. Umehifadhi, umesikilizwa na mwalimu ukapita, basi ubao waoshwa waandikiwa aya nyingine. Kilichobaki ni kile kilichoingia kifuani. Na kombe vilevile, aya zaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zaoshwa kwa marashi au maji, mgonjwa anywa. Hizi simu hazina kitu kama hicho, kila kitu chawekwa na hakuna kinachohifadhiwa kichwani.

#4 (mleta uzi)

Waaleikum salaam wa #3, ahsante sana, mwanzi sijawahi kuushika ndo maana sikuugusa, na hilo la ubao limenipa kitu cha kufikiria kwa sababu ni kifaa kilichotengenezwa makusudi ili maandishi yafutike na mtu abaki nayo.

Marahaba mwanangu wa #2. La kutafuta neno umeshinda, daftari halina kitufe cha kutafutia. Ila la mazoea kuna watu wamelipima. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Mueller na Oppenheimer, walilinganisha wanafunzi walioandika notsi kwa laptopu na walioandika kwa mkono. Wa laptopu waliandika maneno mengi zaidi, tena mengi yakiwa neno kwa neno kama mhadhiri alivyotamka, na kwenye maswali ya kuelewa dhana wakazidiwa. Waliorudia utafiti ule miaka ya mbele hawakukuta tofauti kubwa kiasi kile, kwaiyo siwezi kukwambia kesi imefungwa. Mwaka 2024 wenzao wa Norway wakatoa wa kwao, waliwavalisha wanafunzi 36 vifaa vya kupima ubongo, na kuandika kwa mkono kuliunganisha sehemu za ubongo kwa upana zaidi kuliko kubonyeza kibodi. Na angalia hili, kalamu waliyotumia ilikuwa ya kidijitali juu ya kioo, na kwenye kibodi walibonyeza kwa kidole kimoja. Maana yake sio lazima karatasi, ni ule mkono kuchora kila herufi. Ukipata tableti yenye kalamu yake unaweza kupata vyote viwili.

We mwenyewe umesema ukishika peni mhadhiri anakuacha. Ndo hapohapo pana faida. Kwa sababu huwezi kuandika yote unalazimika kuamua lipi la kuandika, na kule kuamua ndo kusoma kwenyewe.

Haya taipureta. Kibodi unayoandikia hapo kwenye simu yako, ile Q W E R T Y, ni mpangilio wa mashine za Remington za miaka ya 1870, umevuka kutoka chuma mpaka kioo. Tulifundishwa bila kutazama, vidole vinne A S D F, vinne kulia, kidole gumba kwenye nafasi, mwalimu anagonga meza tunafuata mapigo. Ukifika mwisho wa mstari kengele inalia unasukuma kigari kirudi. Huwezi kuchapa ovyo kwa sababu nyuma ya karatasi kuna kaboni na nakala mbili tatu, kosa moja ni kulifuta juu, alafu kila nakala kwa zamu yake, na bosi mkali akiona doa anaichana barua mbele yako.

Na stensili je? Hiyo ndo ilikuwa kazi ya roho juu, mitihani ya shule zote ilipita humo. Ni karatasi yenye nta, unatoa riboni, ule utepe wa wino, pembeni ili herufi zenyewe zikate ile nta, ukigonga kwa nguvu herufi O inakatika mzima inadondoka kama kidonge na kwenye karatasi inatoka doa jeusi la duara, ukigonga kwa uoga haitoki kabisa. Ukikosea unapaka dawa kwa brashi ndogo, unasubiri ikauke, unagonga tena palepale. Alafu inafungwa kwenye saiklostaili, wino unasambazwa, mtu anazungusha mkono wa mashine na karatasi zinatoka moja moja zikiwa mbichi. Mashine nyingi tulizitumia zilikuwa za Gestetner, na David Gestetner naye alikuwa mzaliwa wa Hungary kama Bíró, nchi ndogo ile imetuandikia mengi.

Kuna jambo moja nalipenda sana na kila msichana anayekuja kujifunza kazi kwangu namsimulia. Ile dawa nyeupe ya kufutia haikubuniwa na kiwanda. Ni sekretari wa Dallas, Marekani, anaitwa Bette Nesmith Graham, mashine zao mpya za umeme zilikuwa zinaacha alama mtu akifuta kwa raba, akachukua rangi nyeupe akaiweka kwenye kichupa akawa anapaka juu ya makosa. Miaka ya 1950 akaanza kuiuza kwa wenzake akiitengenezea nyumbani, ikaitwa Liquid Paper, na mwaka 1979 akauza kampuni kwa dola milioni 47.5. Mtu wa mezani, mwenye shida ya mezani.

Uzuri wa taipureta kwa maoni yangu ni mmoja tu ila mkubwa: maofisa walikuwa wanaleta rasimu iliyoiva. Walijua kubadilisha aya ya ukurasa wa tatu ni kuchapa kurasa zote upya, kwaiyo walikaa na kalamu wakakata, wakapanga, wakarudia, ndo wakaleta. Nilikuwa napokea karatasi imejaa mishale na mistari lakini wazo lake limenyooka. Ubaya wake nimeshausema, na nauongezea migongo na vidole vyetu sisi tuliochapa hotuba ya bajeti tukaambiwa tarakimu moja imebadilika, turudie.

#5

Mama hongera. Mimi sioni tangu utoto na nimesoma kwa Perkins, ile mashine ya nukta nundu yenye vitufe sita na kitufe cha nafasi, inatengenezwa tangu 1951 na umbo lake ni lilelile. Ni chuma, nzito, inapiga kelele darasa zima, ila haihitaji umeme na ukiitunza inadumu. Shida yake ni kwamba nilichoandika walikuwa wanasoma wachache sana, mwalimu asiyejua nukta nundu anatafuta wa kumsomea. Kompyuta yenye programu ya kusoma kioo kwa sauti ndiyo iliyonifanya niandike barua mwenyewe na mtu yeyote aisome bila mkalimani. Kwa hiyo mkijadili kalamu mkumbuke kuna ambao kalamu haikuwahi kuwa yetu. Na hata hivyo nikitaka kuhakiki tahajia narudi kwenye nukta, kwa sababu sauti ya kompyuta inapita juu ya kosa na kidole hakipiti.

#6 (mleta uzi)

#5 umenifundisha kitu, nashukuru sana. Hilo la kidole hakipiti juu ya kosa nimelisoma mara mbili.

Nikija kwenye kompyuta sasa. Wengi hawajui kwamba nchini kwetu ziliingia mapema, Wizara ya Fedha ilikuwa nayo tangu 1965, ila mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza, ndo maana wengi wetu tulizeekea kwenye chuma. Zilipokuja ofisini kwetu nilifurahi kuliko mtu yeyote, sikutishika. Kukata aya kuihamisha juu, kurudisha kosa, kuhifadhi barua na kubadilisha jina la mpokeaji tu, kwa aliyechapa stensili hiyo ni nafuu kubwa isiyoelezeka. Mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, na nilijisikia vizuri kuona neno langu kwenye mashine. Ila mpaka leo vijana wangu wakifungua programu kwenye mashine ambayo haijawekewa kamusi ya Kiswahili ukurasa mzima unakuwa mistari myekundu chini ya maneno sahihi kabisa, na simu ndo kabisa, inakubadilishia neno la Kiswahili inaweka la Kizungu ushatuma. Tangu 2017 simu zenye kibodi ya Google zinakubali umeziongelea Kiswahili zikaandika, wateja wangu wazee wanaipenda, ila anayeongea anaandika kama anavyoongea, sentensi moja ukurasa mzima, kazi ya kuipanga inabaki kwangu.

Kinachonisumbua ni hiki. Mteja anakaa pembeni yangu, hana rasimu, anasema "andika tu mama tutarekebisha". Tunaandika, tunafuta, tunarudisha, mara aya ya mwisho iwe ya kwanza. Inaisha barua safi, fonti nzuri, haijasema anataka nini. Mwenzake anakuja na karatasi ya daftari aliyoiandika usiku kwa peni, imekatwakatwa, tahajia mbovu, lakini malalamiko yake ya shamba yamekaa kwa mpangilio, lini, nani, wapi, mashahidi. Huyo namchapia haraka na akienda mbele ya hakimu anajua alichoandika. Hili nimeliona kwa watu wa kila aina, msomi na asiye msomi. Na sa hivi zinakuja barua za maombi ya kazi zilizotungwa na akili bandia, zote zinaanza sawa, zote zina "shauku kubwa", ukimuuliza mwenye barua maana ya mstari wa pili hajui. Huyo namrudisha na karatasi tupu aniandikie kwanza mwenyewe aya mbili.

Kuhusu kudumu. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kuanzia 1931 mpaka 1958, zikatunzwa, zikaja kuchapishwa kitabu, leo tunamsoma akiwa mtu wa nyumbani anayezungumzia familia na fedha na vitabu vyake. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya 1969 mpaka 1972, akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoka nje, yakachapwa 1973. Karatasi ya chooni jamani, na imevuka. Mimi hapa dukani wamekuja watu na disketi zina tasnifu yao, haina pa kuingia, laptopu za leo hazina mlango wake. Flashi imekufa na picha na mikataba. Simu imeibiwa na meseji zote za marehemu baba. Kijana wa #2, notsi zako zina nakala sehemu mbili? Kama hazina, usiku huu kaa uzihamishe.

Mi ninachofanya, na nawashauri: jambo zito, barua ya kuacha kazi, malalamiko, hotuba ya msiba, posa, anza kwa peni, kata uwezavyo, alafu nenda kwenye kompyuta ukalinyooshe. Jambo jepesi la kila siku, ankara, tangazo, orodha ya vikoba, piga moja kwa moja kwenye kompyuta hakuna haja ya kujichosha.

#7

Mkuu shukrani. Nina maswali mawili ya haraka. Mzee wangu anataka kuandika wosia, aandike kwa mkono au uchapwe, na kwa kalamu ipi? Na risiti zetu za EFD (zile mashine za kielektroniki za kodi) za biashara zinafifia zinakuwa nyeupe, nizipige lamineshi?

#8 (mleta uzi)

Risiti usizipige lamineshi! Ile karatasi haina wino, ni ya joto, mashine inaichoma kidogo ndo herufi zinatokea, ukiipitisha kwenye lamineshi yenye moto inageuka nyeusi yote na namba zimepotea. Toa fotokopi siku hiyohiyo unayopewa, andika tarehe juu, hifadhi vyote viwili mbali na jua. Vyeti vya asili navyo siwashauri lamineshi kwa sababu ukishapiga hakitoki tena, tafuta bahasha ya plastiki ya kuchomeka.

Wosia unaweza kuwa wa mkono au wa kuchapwa, ila usiwe wa penseli, na kama ni mkono uwe wino usiofutika. Bik ya kawaida inatosha kwa sababu wino wake ni wa mafuta, maji yakimwagika hautiririki kama hizi peni nyingi za wino wa maji. Kuwa macho na zile peni za kisasa zinazofutika kwa kusugua, ule wino unapotea kwa joto, likifika kama nyuzi 60 maandishi yanaondoka yote, na bahasha iliyosahaulika juu ya dashibodi ya gari mchana wa Dar inaweza kufika huko. Mambo ya mashahidi na mahali pa kuuhifadhi nendeni RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) au kwa mwanasheria msiulizane vijiweni. Kama mzee anaandika kwa mkono, aandike upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa aweke namba na sahihi, na sahihi aiweke kwa wino wa bluu ili mtu akiitazama aijue kuwa ni ya asili sio fotokopi.